Baadhi ni Ngapi?

Kazi yetu ilikuwa kubeba bomu lisilolipuka:
udongo wa mfinyanzi, saa ya jikoni, nyaya za redio mbovu,
vyote ndani ya begi la kijani la besiboli
alilolisusa mwanangu alipohamia mpira wa vikapu.
Serikali ilitulipa tujifanye wauaji
kila Jumanne, kabla jua la Wisconsin halijaamka,
kisha tunywe kahawa upande wa pili wa mashine
na kuandika ni nani aliyetukamata.

Mara kumi na nne tulipita majira yale ya baridi.
Mara kumi na moja tulitakiwa safari njema.

Mimi ningeyaacha hapo. Sisemi uongo.
Nina mkopo wa nyumba, nina goti bovu,
miaka sita tu niguse pensheni.
Lakini mwenzangu, Pa Houa Xiong,
binti wa mshona mapazia,
aliyezoea kuona inchi moja ikiharibu dirisha zima,
aliandika 11 kwa wino wa buluu,
akaizungushia duara,
akapanda nayo ghorofa ya tatu.

Bwana Gerlach aliipokea kwa mikono miwili
kama mtu anayepakatishwa mtoto wa jirani:
akaisifu, akairudisha.
Baada ya wiki ikashuka imevaa nguo nyingine.
"Wameshindwa" imekuwa "wanaendelea kuimarika".
Kumi na moja imekuwa "baadhi".
Baadhi! Neno kama shuka la hoteli:
limewafunika wengi, na hakuna anayejua
lilifuliwa lini.

Akamuuliza, baadhi ni ngapi?
Akajibiwa, abiria wakiogopa, ndege zitapaa tupu.
Akauliza tena: na wasipoogopa?

Watu hudhani kufichua ni kupuliza kipenga,
pumzi moja, uwanja mzima unasimama.
Mimi nililiona likitendeka. Halina sauti.
Ni mwanamke ndani ya gari lililozimwa,
theluji ikiziba kioo,
analamba mkunjo wa bahasha
mara mbili, kwa kuwa mate yamemkauka.
"Utatia sahihi?"
Nikaitazama kalamu. Nikasema goti linaniuma.
Goti!
Hata leo likiuma kweli, siliamini.

Wakampeleka maegeshoni kuhesabu magari yaliyotelekezwa.
Akayahesabu. Akakuta kasoro huko pia, akaziandika.
Kisha wakamnyang'anya kitambulisho,
na kantini jina lake likageuka kikohozi:
akitajwa, watu wanakohoa.
Nami nilikohoa.

Nakala moja ninayo.
Imo ndani ya friza, gerejini,
chini ya nyama ya kulungu aliyeangushwa na shemeji yangu,
nimeifunga kwa plastiki mara tatu
kana kwamba ukweli nao huoza.

Jumanne hii nimepita tena na begi la kijani,
pamoja na mwenzangu mpya, kijana asiyeuliza.
Mkaguzi alikuwa binti mwenye macho mekundu,
zamu ya pili mfululizo.
Mashine haikulia.
Nyuma yangu mama alikuwa akimvua mtoto viatu,
vile vyenye taa kwenye soli,
na viatu vikakaguliwa, kimoja kimoja, nje na ndani,
vikimetameta kila vilipoguswa.
"Safari njema," binti akaniambia.

Nikasimama upande wa pili. Kahawa ikapoa.
Mtoto akavaa viatu vyake, akakimbilia lango la ndege,
kila hatua ikiwaka na kuzimika,
ikiwaka na kuzimika.

Nilikuwa na fomu. Nilikuwa na kalamu.
Nikaandika kumi na mbili.
Nikaizungushia duara.

Haya, goti.
Ngazi ni za ghorofa tatu.